Kulala kwenye mkesha sio pepo: jibu kwa mama wa dagaa wa Igombe

Swali nililoletewa, nimelifupisha kidogo na jina nimeliacha:

"Shikamoo mama mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mi ni mama wa watoto watatu, naanika dagaa hapa Igombe, Mwanza, alafu nauza sokoni Mwaloni Kirumba. Nimeokoka mwaka wa 6 sasa. Naamka saa tisa usiku kuwahi mitumbwi, nikirudi nyumbani giza limeshaingia, nikishika Biblia nalala nayo kifuani. Zamani nilikuwa nasali saa nzima machozi yanatoka, siku hizi hata dakika tano maneno yananiishia. Mkesha wa juzi nilijikaza nikaenda, saa saba nikapitiwa na usingizi kwenye kiti, mama mmoja mtumishi akaniambia nina roho ya usingizi inanizuia kukua, nitoe laki moja na nusu sadaka ya kujikomboa. Sina, ila nimeanza kufikiria kuichukua kwenye hela ya kikundi. Nimekuwa na hasira, hata binti anayenisaidia kuanika namfokea hovyo. Je nimerudi nyuma? Nifanyeje nikue kiroho kama wenzangu?"

Marahaba mwanangu, asifiwe sana.

Nianze na la haraka maana hili haliwezi kusubiri hata kesho: hela ya kikundi usiiguse. Hata buku. Ile hela kila mama kaitoa kwenye ndoo yake ya dagaa, wengine wameitoa wiki ambayo mvua ilinyesha dagaa wakaharibika wakauza kwa bei ya chakula cha kuku, sasa ukiichukua ukaipeleka kwa mtu, zamu ikifika huna, utaanza kupita njia ya nyuma, utaanza kuzima simu, utasema uongo mmoja alafu wa pili wa kuufunika ule wa kwanza, na hapo ndo utakuwa na shida ya kiroho ya kweli kabisa. Sasa hivi huna. Sasa hivi umechoka.

Na hiyo laki na nusu yenyewe usiitoe hata ungekuwa nayo ndani. Nasema hivi nikiwa mtu ninayeamini kutoa, natoa fungu la kumi na nafundisha akina mama kutoa, na naamini mapepo yapo na Yesu anayatoa. Ila anayatoa bure. Kuna tofauti kubwa kati ya sadaka ya mtu aliyeguswa moyoni na bei aliyotajiwa mtu. Yule mjane wa Luka 21 alitia senti zake mbili, hakuna aliyemwambia kiasi. Simoni wa Samaria alipotaka kununua karama kwa hela, Petro alimwambia fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, iko Matendo 8. Na kwenye waraka wake wa kwanza Petro huyohuyo anasema tulikombolewa "si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu", bali kwa damu ya Kristo. Kwa hiyo mtu akikudai hela ya kujikomboa mwambie kwa heshima, mama, mi nilishakombolewa, alafu nyamaza, usibishane. Simwiti yule mama mwongo, simjui, inawezekana anaamini kabisa alichokwambia. Lakini alichokwambia sio kweli na nitakuonyesha kwenye Biblia.

Fungua Marko 14, kuanzia mstari wa 32. Usiku ule ulikuwa wa Pasaka, na Pasaka ya Wayahudi ilikuwa inaliwa tarehe 14 ya mwezi wao, mwezi unaohesabiwa tangu kuandama, maana yake ilikuwa mbalamwezi, mwezi umejaa juu ya ile mizeituni ya Gethsemane. Yesu kachukua watu watatu aingie nao ndani, Petro, Yakobo na Yohana. Wote watatu wavuvi. Watu wa kazi za usiku kama wewe. Kawaambia kesheni. Kaenda mbele kidogo kasali, karudi kawakuta wamelala. Kaenda tena, karudi, wamelala tena, Marko anasema macho yao yalikuwa mazito na hawakujua hata la kumjibu. Mara ya tatu vilevile. Yaani wamelala kwenye mkesha ambao anayeongoza ni Yesu mwenyewe, na ni usiku wake wa mwisho.

Sitaki kukudanganya kwamba hakuumia. Aliumia, alimuuliza, Simoni, umelala? Lakini hakumwambia una roho ya usingizi. Alisema roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu. Na Luka yeye anaongeza neno moja ambalo nalipenda sana, anasema walikuwa wamelala kwa huzuni. Mambo yalikuwa yamewaelemea. Na wiki saba hivi baadaye huyohuyo aliyelala ndo alisimama siku ya Pentekoste akahubiri, wakaongezeka watu kama 3,000. Hakupitishwa kwanza kwenye chumba cha kufunguliwa usingizi.

Sasa tupige hesabu yako. Unasema nyumbani unafika giza limeshaingia, hapo kuna kupika, kuogesha watoto, kuangalia madaftari ya shule, kufua nguo za dagaa maana haziwezi kulala hivyo, kabla ya saa nne na nusu au saa tano hujagusa kitanda. Saa tisa umeamka. Hayo ni masaa 4 na kitu, na mtu mzima anahitaji 7 angalau. Fanya hivyo wiki mbili tatu mfululizo alafu nenda ukae kwenye kiti cha plastiki, ukumbi una joto, saa saba usiku, usilale? Mwili wako ulifanya kitu ambacho Mungu aliuumba ufanye. Zaburi ya 127 inasema yeye humpa mpenzi wake usingizi. Humpa! Ni zawadi.

Nakwambia hivi kwa sababu na mimi ilishanikuta. Nilikuwa na mtoto mchanga wa pili, analia usiku kucha, kwenye ushirika mmoja niliokuwa naenda nikasinzia kwenye maombi, nikaambiwa mbele ya watu nitubu uvivu. Nikatubu, nikalia sana, na nikaacha kwenda karibu mwaka mzima kwa aibu. Uvivu sikuwa nao. Nilikuwa na mtoto.

Hapa niweke jambo lingine fupi lakini ulishike. Kama ukipata siku kadhaa za kulala vizuri bado unajisikia umechoka, miguu mizito, moyo unaenda mbio ukipanda kilima kidogo tu, nenda zahanati wakupime damu, malaria na kichocho. Sisi wa huku ziwani tunaingia majini kila siku, kichocho kiko sana na kinakula damu taratibu bila mtu kujua, na dawa yake ipo. Nimewahi kuona akina mama wanaombewa miezi kumbe wana upungufu wa damu. Kuombewa ni sawa, na kupima pia, vyote viende pamoja.

Haya, sasa nije kwenye kile nilichotaka kukwambia hasa. Shida yako mwanangu ni kwamba unasali kwa kalenda ya mtu mwingine.

Kazi yako inafuata mwezi, wewe unajua kuliko mimi. Kipindi cha giza, usiku usio na mbalamwezi, mitumbwi inaingia ziwani jioni na taa zake, zamani karabai, siku hizi za sola na betri, ukisimama juu ya mawe Capri Point usiku unaona ziwa limewaka kama kuna mji mwingine kule ng'ambo. Dagaa wanafuata taa, wavuvi wanavuta, alfajiri nyie mnapokea. Alafu mwezi unakua, mwanga unatapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi haina kazi tena, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu. Siku kama 10 hivi kila mwezi mwalo, pale mitumbwi inapofikia, umetulia. Kazi yako ina msimu wa kukimbia na msimu wa kukaa, na inageuka kila baada ya siku 29 na nusu bila kukosea tangu dunia iumbwe.

Sasa angalia unavyosali. Unataka kila siku iwe sawa na nyingine, saa nzima kila asubuhi, mkesha kila Ijumaa, iwe giza iwe mbalamwezi. Ratiba hiyo ni nzuri sana kwa mtu wa ofisini, au mama ambaye watoto wameshakua kama mimi, nami naifuata. Kwako ni mzigo wa mtu mwingine umebebeshwa. Alafu ukishindwa unajiita umerudi nyuma.

Na hiki sio kitu nimebuni ili kukufariji. Watu wa Mungu kwenye Agano la Kale walihesabu kwa mwezi, mwandamo ulikuwa na sadaka zake, Hesabu 28 imeandika, Zaburi ya 81 inasema tarumbeta lipigwe mwezi mpya na wakati wa mbalamwezi. Hata sisi leo, umeshajiuliza kwanini Pasaka inahama hama, mara Machi mara Aprili? Ni kwa sababu inawekwa Jumapili inayofuata mbalamwezi ya kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Ndo maana ukifikiria utaona Juma Kuu linakuja wakati ambao mitumbwi ya dagaa imepumzika au inakaribia kurudi. Wewe kwenye mwalo una kalenda ya Biblia mkononi, wenzako wa mjini wameshaisahau.

Kwa hiyo kipindi cha giza usali kama mtu aliye safarini. Kifupi, na ukiwa kwenye mwendo. Kuna zaburi 15 zimeandikwa juu yake "wimbo wa kupanda mlima", kuanzia ya 120 mpaka ya 134, hizi watu walikuwa wanaimba wakiwa njiani kwenda Yerusalemu, mizigo kichwani na watoto mgongoni, ndo maana karibu zote ni fupi, ya 131, ya 133 na ya 134 zina mistari mitatu tu kila moja. Giza lako lina siku 18, 19 hivi. Kila siku moja. Isome kabla hujatoka mlangoni saa tisa, au kama taa ni shida isikilize, Biblia ya kusikiliza ya Kiswahili ipo bure kwenye simu, pakua siku una bando au mpelekee kijana wa duka la simu akuwekee kwenye memori kadi. Zikiisha rudia ile iliyokugusa. Ya 134 inaongea na watumishi wa Bwana wanaosimama usiku nyumbani mwake, na mimi nikiisoma nawakumbuka nyie mnaosimama usiku pale mchangani mmejifunga kanga mnasubiri injini ya mtumbwi isikike.

Alafu kuna kitu alinifundisha mama mmoja wa Kayenze, yeye shule hakufika mbali ila kwenye maombi ni mwalimu wangu. Nilimkuta anaanika. Ameinama kwenye chanja, anamwaga dagaa, anawatawanya kwa vidole wasipandane, midomo inacheza. Nikadhani anahesabu ndoo. Kweli alikuwa anahesabu, ila kila ndoo ilikuwa na jina. Ndoo ya kwanza mtoto wake mkubwa, anamtaja mbele za Mungu mpaka ndoo imeisha kutawanywa. Ya pili wa pili. Ya tatu mume. Ya nne yule mvuvi aliyemuuzia asubuhi ile, kwamba Bwana umrudishe salama na kesho. Akasema, "mwalimu, mi sina muda wa kupiga magoti ila nina ndoo kumi." Nikamkumbuka Hana wa 1 Samweli, midomo inacheza sauti haisikiki, kuhani Eli akadhani amelewa, kumbe ndo maombi yaliyomleta Samweli. Jaribu hilo. Siku ukiwa huna hata la kusema juu ya jina, tumia ya yule kipofu Bartimayo, "Yesu, unirehemu", inatosha, yeye ilimtosha Yesu akasimama.

Mbalamwezi ikija, badilika kabisa. Siku mbili za kwanza lala. Simaanishi usisali, namaanisha lala, na useme Bwana asante kwa kulala huku. Elia alipokimbia Yezebeli akakaa chini ya mti akaomba afe, malaika hakuja na mahubiri, alikuja na mkate na maji, Elia akala akalala, akaamshwa tena akala, ndo akapata nguvu ya kutembea siku 40 mpaka mlima Horebu kuisikia sauti ya Mungu. Watu wengi wanataka sauti ya Horebu wameruka ule mkate.

Ukishapumzika sasa kaa na Mungu ule muda mrefu unaoutamani, asubuhi watoto wakishaenda shule. Chukua kitabu kimoja kidogo ukimalize, usidokoe dokoe. Anza na Ruthu, sura nne, siku nne. Nimekuchagulia Ruthu kwa sababu ni habari ya mwanamke anayefanya kazi ya mikono kwa jua, ameokota masuke mpaka jioni, akapura, ikatoka kama efa moja, kipimo chao cha nafaka, ya shayiri, akabeba kupeleka kwa mama mkwe. Mungu yupo kwenye kile kitabu kizima lakini hakuna mahali anatokea kwenye moto wala ndoto, yupo kwenye shamba na kwenye mavuno. Ukimaliza Ruthu nenda Yakobo, sura tano. Hizo siku tisa zinatosha mbalamwezi nzima. Mwezi unaofuata utachagua mwenyewe.

Na kama kanisani kwenu mkesha ni Ijumaa haijalishi mwezi, ongea na mama mchungaji kwa upole, mweleze akina mama wa dagaa mnapatikana lini. Viongozi wengi hawajui tu. Akikubali vizuri, akishindwa, tafuta wenzako wawili watatu pale mwaloni, mkutane mbalamwezi saa kumi alasiri chini ya mti, mwombe saa moja muachane. Kanisa la Filipi lilianza hivyohivyo, Paulo aliwakuta wanawake wamekaa kando ya mto mahali pa kusali, na mmoja wao alikuwa mfanyabiashara, Lidia, muuza rangi ya zambarau.

Sasa binti.

Umeandika kuhusu binti kama jambo dogo la mwisho, mstari mmoja tu, ila mimi ndo lililonigusa kuliko yote kwenye ujumbe wako, kuliko mkesha, kuliko maneno kuisha. Umeniuliza utajuaje kama umerudi nyuma au unakua. Mimi kwenye miaka yangu 22 ya kukaa na akina mama kwenye mafundisho nimeacha kupima kwa masaa ya maombi. Kuna watu wanasali masaa manne wakitoka hapo dada wa kazi anatetemeka akisikia geti limefunguliwa. Matunda ya Roho ya Wagalatia 5 ni upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Soma tena taratibu utaona hakuna hata moja unaloweza kulionyesha ukiwa peke yako chumbani umefunga mlango, yote yanataka mtu mwingine awepo. Kwako huyo mtu mwingine wa kila siku ni yule binti. Yeye ndo chanja ambayo imani yako inaanikwa juu yake.

Utakapokuwa unasoma Ruthu utafika sura ya 2, Boazi mwenye shamba anawaambia wafanyakazi wake wamwache aokote hata katikati ya miganda na wasimkemee. Ruthu alikuwa mgeni, maskini, hana mtu. Inawezekana huyo binti anayekusaidia naye katoka mbali, ndani ndani huko, kaamka saa tisa kama wewe, na yeye hana mtoto wa kumpa maji akirudi. Ule usingizi unaokutesa wewe unamtesa na yeye, tofauti ni kwamba wewe una mtu wa kumfokea.

Nakuombea ufanye mambo matatu kwake na usipoweza yote anza na la kwanza. Muombe msamaha. Sio kwa kumnunulia soda ukajifanya mmemaliza, muite kwa jina, mwambie mwanangu juzi nilikufokea na hukuwa na kosa, nisamehe. Najua kwa utamaduni wetu mkubwa kumuomba mdogo msamaha inaonekana kama kujishusha mpaka chini, wenzako pale mwaloni watakushangaa, waache washangae. Pili mlipe kwa wakati, Walawi 19 inasema ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi, na hapo hakuna maneno ya subiri Mwaloni waninunulie. Tatu, Waefeso 4 inasema jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, kwa watu wa ofisini hilo ni fumbo tu, kwako ni saa ya kuanua. Mnapokusanya dagaa jioni, kabla gunia halijafungwa, kama kuna neno lilikutoka mchana lirekebishe hapohapo, ndo mfunge.

Ukifanya hili mwezi mmoja niandikie unieleze kama maombi yako yamebaki makavu. Mara nyingi sana nimeona ukavu wa mtu uko kwenye uhusiano mmoja ambao hajautengeneza, Yesu mwenyewe alisema uache sadaka madhabahuni uende ukapatane kwanza.

Kuhusu machozi sasa, kwamba zamani yalitoka na sasa hayatoki. Usiyatafute. Mwaka wa kwanza wa wokovu Mungu hutubeba kama mtoto mchanga, kila wimbo unalia, kila mahubiri ni yako. Alafu anakushusha chini utembee, na mtoto akishushwa hulalamika. Waebrania 5 inaongelea maziwa na chakula kigumu, na chakula kigumu kinatafunwa, hakina utamu wa haraka. Mama yangu mdogo alifiwa na mume kwenye MV Bukoba, ile tarehe 21 Mei 1996, tulikuwa tunaenda naye Igoma makaburini. Alikuwa muombaji mkubwa kabla ya hapo, sauti yake inasikika nyumba ya tatu. Baada ya ule msiba maneno yalimkauka kabisa. Alikuwa anakaa kwenye mkeka kila asubuhi na kusema sentensi moja, "Bwana, nipo." Anakaa kimya dakika chache alafu anaenda kupika chai. Miaka miwili hivyo. Watu wakasema amepoa. Mimi niliyeishi naye naweza kusema ile miaka miwili ndo alikuwa karibu na Mungu kuliko wakati wowote, hakumwacha hata asubuhi moja. Na wewe ukikosa maneno mwambie nipo.

Umesema "kama wenzangu". Sijui wenzako ni akina nani, labda wale wa mjini wenye suti za kitenge wanaoshika maiki. Unajua Mariamu Magdalena alitoka wapi? Magdala, mji mdogo kando ya ziwa la Galilaya, ziwa la urefu wa kilomita 21 tu, ukilinganisha na letu ni kama hori. Na kazi iliyoujulisha ule mji ilikuwa samaki, kuwatia chumvi, kuwakausha, kuwasafirisha mbali. Sijasema kwamba Mariamu mwenyewe alikuwa anaanika, Biblia haijaandika kazi yake, lakini mji wake ulikuwa na harufu hiyohiyo ya samaki unayotoka nayo mwaloni. Luka 8 inasema yeye na Yoana na Susana na wengine wengi walimhudumia Yesu kwa mali zao. Na asubuhi ya kufufuka, mtu wa kwanza kuitwa kwa jina pale bustanini alikuwa yeye wa Magdala. Baadaye kidogo, Yohana 21, Yesu yuko ufukweni alfajiri, kawasha moto wa makaa, kaweka samaki juu na mkate, anawasubiri watu waliokesha ziwani bila kupata kitu. Hakuwauliza mmesali saa ngapi. Aliwaambia "Njoni mfungue kinywa." Mwanangu ile alfajiri yako ya mchangani sio kitu kinachokutoa kwa Mungu, yeye anaijua sana hiyo sehemu.

Kesho usijaribu kufanya yote haya. Kama bado mko gizani anza na Zaburi 120 na ndoo ya kwanza. Ile hela mrudishie mtunza hazina moyoni mwako, yaani acha kuifikiria. Na nitumie jina la huyo binti, sio la kwako peke yake, nataka niwe nawataja wote wawili saa tisa, huwa niko macho saa hiyo.